Kona Ziko Wapi? Msako wa Pizza ya Detroit Mjini Denver

Nilihama Detroit, jimbo la Michigan, mwezi Februari, baada ya kukaa huko miaka 11, kwa sababu kazi ilinipeleka Denver, jimbo la Colorado. Kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 2,000 za barabara. Vyombo vilifika salama, nyumba ikapatikana, watoto wakaanza shule. Kilichobaki kunisumbua ni Ijumaa jioni. Miaka yote ile Ijumaa yetu ilikuwa na pizza ya mstatili, na mwanangu wa mwisho, aliyezaliwa kule kule, hakuwa na habari kwamba pizza kwa watu wengi ni ya duara. Tulipomletea ya kwanza ya Denver aliizungusha mezani mara mbili, kisha akauliza, "Kona ziko wapi?"

Swali hilo ndilo lililoanzisha msako ninaousimulia hapa. Ulichukua miezi minne na maduka matatu, na nimeamua kuueleza hatua kwa hatua kwa sababu kosa nililolifanya mwanzoni nimeliona kwa wengi waliohama: nilitafuta jina kwenye kibao, nikasahau kuuliza kitu chenyewe kinatengenezwaje.

Basi tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1946 Gus Guerra alikuwa na baa iitwayo Buddy's Rendezvous kwenye kona ya barabara za Conant na Six Mile, Detroit. Hapo ndipo pizza ya mstatili ya mji huo ilipoanzia, na mapishi ya mkate wake yalitoka upande wa mkewe, Anna, ambaye watu wake walikuwa na asili ya Sicilia, kisiwa cha Italia. Sicilia wanaoka pizza nene kwenye trei, kwa hiyo hilo halikuwa jipya. Jipya lilikuwa trei yenyewe. Simulizi ya mji inasema zilikuwa trei za chuma kutoka viwanda vya magari, zilizotumika kuwekea vipuri vidogo. Ukiishika moja mkononi huoni sababu ya kubisha. Ni nzito, ina rangi ya buluu inayokaribia weusi, na kuta zake zimelala nje kidogo, kama chombo kilichotengenezwa kubeba skrubu na nati, si kupamba meza.

Mengine yote yanafuata kutoka kwenye trei hiyo. Chuma cheusi kinanyonya joto la oveni upesi na kulishika, kwa hiyo chini na pembeni mkate haupati joto la hewa tu, unakaangwa. Jibini nalo linatandazwa mpaka liguse ukuta wa trei. Jibini la asili ni lile liitwalo Brick, yaani tofali, lililobuniwa jimbo la Wisconsin mwaka 1877 na John Jossi, ambaye alilikandamiza kwa matofali. Lina mafuta mengi kuliko mozarela ya kawaida. Likiyeyuka, mafuta yanateremka kati ya mkate na chuma, na kile kinachobaki kimegandia ukutani kinabadilika rangi, kutoka dhahabu hadi kahawia ya kukaribia kuungua. Sina neno zuri zaidi la kukiita kuliko ukoko. Aliyewahi kugombania ukoko wa sufuria na ndugu zake ananielewa: ni kile kile kinachovunjika kwa mlio, kina chumvi zaidi na ladha nzito zaidi kuliko sehemu iliyobaki, na hakiwatoshi waliopo.

Sosi ya nyanya inakuja juu ya jibini, kwa mistari miwili au mitatu, ili mkate usilowe. Peperoni, vile vipande vyembamba vya soseji yenye viungo, kwa utaratibu wa zamani zinakaa chini ya jibini. Donge lenyewe lina maji mengi, gramu 700 kwa kilo ya unga au zaidi, ndiyo maana mkate unatoka na matundu matundu na ni mwepesi ingawa ni mnene. Hapo ndipo inapoachana na ile ya Chicago, ambayo watu wengi wanaichanganya nayo kwa sababu zote mbili ni nene na zote zina sosi juu. Ya Chicago ni ya duara, na mkate wake ni mzito wa kubeba vitu ndani, kama bakuli.

Jambo moja zaidi, kwa sababu linagusa kisa chenyewe. Pizza ya Napoli, mji wa Italia, ina chama chake tangu 1984, na chama hicho kina kanuni zilizoandikwa: unga gani, joto kiasi gani, sekunde 60 hadi 90 ndani ya tanuri, basi. Mwenye duka anaweza kuomba kutambuliwa, na mteja akiona alama yao mlangoni ana pa kuanzia. Detroit haina mlinzi wa namna hiyo. Kwa miongo mingi haikumhitaji, maana pizza yenyewe haikutoka sana nje ya Michigan. Mwaka 2012 Shawn Randazzo, mtu wa huko huko, alishinda mashindano ya Las Vegas kwa pizza ya mstatili, na baada ya hapo waokaji wa majimbo mengine wakaanza kuifuata. Mwaka 2021 Pizza Hut nao wakatoa ya kwao. Kwa hiyo nilipofika Denver neno "Detroit" lilikuwa kila mahali, na hakuna aliyelazimika kulistahili.

Duka la kwanza nililichagua kwa nyota za wateja. Lilikuwa na sifa nyingi sana, na watu walikuwa wakiandika kwamba hii ndiyo Detroit halisi. Nikaagiza kubwa, dola 27, nikaipeleka nyumbani ikiwa bado moto. Nilipofungua boksi nilijua kabla ya kuonja. Kingo zilikuwa nyeupe. Mkate ulikuwa umesimama pembeni kama ukuta wa mkate wa kawaida, na jibini lilikuwa limeishia karibu vidole viwili kabla ya ukingo, likiwa laini na la kuvutika. Nikakigeuza kipande: chini ilikuwa na rangi ya biskuti ambayo haijaiva. Pizza mbaya? Hapana. Watoto waliimaliza. Ila ilikuwa mkate wa sinia wenye mozarela, uliokatwa mraba.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili tatu mpaka nikaelewa nilipokosea. Nyota zile hazikuwa za uongo. Zilisema kwamba watu wa mtaa ule wamefurahia chakula, na walikuwa wamefurahia kweli. Swali langu lilikuwa jingine kabisa, na karibu hakuna kati yao aliyekuwa na la kulinganishia. Mtu ambaye hajawahi kula ya kule hawezi kukwambia kama hii inafanana nayo, hata akiwa mkweli kiasi gani.

Tangu siku hiyo nikaacha kusoma maneno, nikawa natazama picha. Na katika picha sikutazama juu, kwa sababu juu kila pizza inapendeza. Nilitafuta ile moja kati ya 40 ambayo mteja ameipiga kwa pembeni, au kipande kilichoegemezwa kikaonyesha tumbo. Ukoko wa jibini hauwezi kujificha kwa pembeni: unaonekana kama utepe wa kahawia uliopanda juu kidogo kuliko mkate, wenye vitobo vitobo kama lesi. Ukiona utepe huo umezunguka pande zote bila kukatika, ujue mpishi amelifikisha jibini ukutani kwa makusudi. Kwa kipimo hicho peke yake maduka sita niliyokuwa nimeyaandika yakabaki mawili.

Duka la pili lilikuwa na utepe. Nilikwenda kula pale pale, na safari hii nilimchukua shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye aliyetutangulia Denver. Yeye ni mwokaji wa mikate, miaka tisa sasa, lakini Detroit hajawahi kukanyaga. Nilitaka mtu mwenye mikono inayojua unga, kwa sababu mimi nilikuwa na ulimi peke yake.

Pizza ilipokuja moyo wangu ulipiga. Trei ni ile ile nyeusi. Ukoko upo. Sosi mistari miwili. Nikachukua kona, nikaing'ata, ukoko ukavunjika kama unavyotakiwa, halafu meno yakafika kwenye mkate na kukwama. Ulikuwa umeshikana, una unyevu kama ugali uliopoa, na katikati palikuwa na mstari mwembamba wa donge lililobana, la rangi ya kijivu.

"Shemeji, hapa kuna nini?" nikamuuliza.

Alikivunja kipande kwa mikono miwili, akakishika kwenye mwanga wa dirisha. "Huu uliumuka, ukapita, ukaanguka," akasema. "Angalia, huku juu kuna matundu makubwa mawili, chini hakuna kitu. Hewa ilikuwepo ikatoka. Waliuacha muda mrefu mno, au hamira ni nyingi."

"Lakini kila kitu kingine wamepatia."

"Wamepatia, shemeji. Inawezekana wanafuata karatasi ya huko kwenu neno kwa neno. Tatizo hapa siyo huko kwenu."

Akanieleza jambo ambalo kwake ni kazi ya kila siku, na kwangu lilikuwa geni. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Detroit haifiki mita 200. Huku juu hewa inakandamiza kidogo, pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko pwani, kwa hiyo gesi inayotolewa na hamira inatanuka zaidi na donge linapanda haraka. Ukiliacha donge kwa saa zile zile ulizozoea bondeni, linafika kileleni kabla hujaja kulitazama, na likiguswa kwenda ovenini linaporomoka. Juu ya hapo hewa ya Colorado ni kavu. Unga unakaa umekauka na unataka maji zaidi, na donge likiachwa wazi linafanya ngozi. Hata maji yanachemka mapema, karibu nyuzi 95, kwa hiyo unyevu unatoka kwa kasi nyingine.

"Mimi nilipofika hapa nilitupa mikate wiki mbili," akasema. "Sasa natumia hamira karibu robo pungufu, naongeza maji, halafu nalilaza donge kwenye friji usiku kucha. Baridi inalipunguza mwendo. Na siangalii saa. Naligusa kwa kidole."

Hapa ndipo kisa hiki kilipogeuka kwangu. Watu wengi huamini kwamba chakula cha mji fulani kinakataa kuhama kwa sababu ya maji ya mji huo. Nimelisikia hilo kuhusu pizza ya New York mara nyingi, na Detroit nako nimelisikia. Naamini sasa kwamba linawaficha watu tatizo lenyewe. Maji ya bomba yanaweza kurekebishwa. Kinachoharibu ni kunakili vipimo bila kunakili matokeo. Duka la kwanza lilichukua umbo likaacha trei na jibini. Duka la pili lilichukua trei, jibini na karatasi ya vipimo, likaacha swali la msingi: donge lilikuwa katika hali gani lilipokuwa linaingia ovenini kule Detroit? Ukitaka hali ile ile mahali pa juu hivi, lazima ubadilishe namba. Mwaminifu wa kweli hapa ni yule aliyethubutu kubadilisha.

Ndiyo maana kwa duka la tatu nilipiga simu kwanza. Nilikuwa na maswali, na niliyapanga kwa utaratibu niliouona una maana: mnaokea kwenye nini, jibini gani, sosi mnaweka lini, na donge linalala wapi. Nilichagua saa tisa alasiri, muda ambao jikoni hakuna msongamano, nikaomba kuongea na mpishi badala ya anayepokea oda.

Alikuja mama mmoja, sauti ya mtu mzima. Sikumaliza swali la kwanza. Akaniambia ana trei 22 na hanunui nyingine mpaka hizi zikolee, kwamba mpya alizojaribu mwaka uliopita zilimgandia mkate akalazimika kuzipaka mafuta na kuzichoma tupu mara tano, na kwamba haziguswi na sabuni na mtu yeyote. Kuhusu jibini alikuwa mkweli: Brick analiagiza Wisconsin, lakini bei yake na usafiri vinamlazimu kulichanganya na mozarela, theluthi mbili kwa moja. Ukutani, akasema, anaweka Brick tupu. Sosi anaichemsha pembeni na kuimimina pizza ikishatoka ovenini. Donge linalala kwenye friji siku mbili. Alikulia Michigan? Hapana, alizaliwa hapa hapa Denver. Alijifunza kwa kula, akasema, wiki nzima Detroit akiwa na daftari, kisha akarudi na kuharibu unga miezi mitatu mpaka ulipomkubali.

Nikajua nimefika, hata kabla ya kuonja. Nimeshaona kwa mafundi wa kila aina kwamba anayekijua kitu anaanza kuzungumzia chombo. Duka la kwanza, nilipowapigia baadaye nihakikishe, kijana aliyepokea alinitajia nyongeza 14 za kuweka juu, na la trei ikabidi akaulize.

Tulikwenda Ijumaa, mimi, mama watoto, watoto watatu na shemeji. Dirisha la jikoni liko wazi, nikasimama pale. Trei ilitoka ikiwa inachemka pembeni, mafuta yanatoa povu dogo kati ya jibini na chuma. Hakuitoa papo hapo. Aliiacha kama dakika moja hivi mpaka povu lilipotulia, akachukua mwiko mwembamba wa chuma na kuupitisha ukutani pande zote nne, polepole, akiusikiliza. Mlio ulikuwa ule ule wa kukwangua sufuria. Kona moja ilishika. Akarudi nayo taratibu kutoka upande wa pili mpaka ikaachia, nzima, kisha akaitelezesha pizza yote juu ya waya ili chini isitoe jasho. Ndipo akamimina sosi, mistari miwili.

Sasa hukumu, kwa kuwa uchambuzi bila hukumu hauna kazi. Ukoko ulikuwa sawa na wa kule nilikozoea, siongezi chumvi. Mkate ulikuwa bora kuliko wa baadhi ya sehemu nilizokula Detroit kwenyewe: matundu sawasawa toka juu hadi chini, na ladha ya uchachu kidogo ambayo nadhani inatokana na zile siku mbili za friji. Jibini la katikati lilipungukiwa. Ule utamu wa siagi unaojaza mdomo ulikuwepo pembeni na kufifia kuelekea kati, na mozarela ilivutika zaidi ya inavyotakiwa. Sosi ilikuwa na kitunguu saumu kingi kwa ulimi wangu. Peperoni aliziweka juu, siyo chini. Nilimuuliza, akasema wateja wa hapa wasipoziona wanadhani wamepunjwa. Hilo nimemsamehe, maana pango lake linalipwa na wateja hao.

Shemeji alikula kimya vipande viwili. Kisha akasema, "Kwa hiyo hiki ndicho ulichokuwa unanieleza tangu Februari."

"Ndicho, shemeji."

"Mbona ulinieleza jibini tu? Kazi yote iko kwenye unga."

Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Bado nasema ni trei.

Mwanangu yeye alikuwa na shida nyingine. Trei kubwa, inchi 10 kwa 14, inakatwa vipande 8, na katika hivyo kona ni 4 tu. Nne zilizobaki zina ukoko upande mmoja. Tulikuwa watu sita na ukaanza ugomvi. Yule mama akasikia kutoka dirishani, akatuonyesha trei ndogo, inchi 8 kwa 10. Hiyo inakatwa vipande 4, na kila kipande kina kona yake. Kubwa moja ni dola 26. Ndogo mbili ni dola 34, ambazo ni zaidi, lakini unapata chakula kingi kidogo na kona 8 kamili.

Tangu hapo tunaagiza ndogo mbili, na wiki ambayo shemeji anakuja, tatu. Simu napiga saa kumi na moja jioni, kwa sababu trei ni 22 tu, na ikifika saa moja zote zinakuwa na wenyewe.